Mtoto Huondoka na Aliyetaabika

Hapo zamani, wala si zamani ya kutisha, maana baadhi ya waliokuwepo bado wapo na wanasinzia kanisani kila Dominika, kulikuwa na kigango kiitwacho Lukongo, juu kabisa kwenye milima ya Umatengo, mahali ambapo ukungu wa Januari hukaa mpaka saa nne na nguo hukauka kwa kubahatisha. Sikilizeni vizuri, maana mwisho nitawauliza, na mara ya mwisho mlinijibu hovyo.

Kigango hicho kilikuwa na Mtoto. Si mtoto wa mtu, ni Mtoto Yesu wa pangoni, sanamu ya plasta, sikio moja limemeguka na shingo imeungwa kwa gundi mara mbili. Kwingine Noeli ikiisha Mtoto hufungiwa sandukuni, akakaa na panya mwaka mzima. Lukongo walikataa. Mtoto gani analala sandukuni? Kwa hiyo Dominika ya Tokeo la Bwana, siku ya Mamajusi, Mtoto alitolewa pangoni akaenda kuishi nyumbani kwa mtu mmoja mpaka Majilio yafike.

Na nyumba aliyolala Mtoto haikuwa tena nyumba ya kawaida. Kila Ijumaa jumuiya nzima ilisali pale. Waliogombana walisuluhishwa pale. Mpita njia alipiga hodi amwone Mtoto, na aliyepiga hodi hakuja mikono mitupu: huyu mahindi, yule kuni, yule umbea wa mjini. Mwenye nyumba hiyo hakujua upweke mwaka mzima.

Alipewa nani? Hapo ndipo penye mila yenyewe. Hakupewa tajiri, wala mwenyekiti wa kigango, ingawa mwenyekiti alijaribu. Alipewa aliyefika kwenye Misa ya siku hiyo kwa taabu kuliko wote. Wazee walisema: wachungaji walikuwa jirani, walikimbia kidogo tu wakafika. Mamajusi walitaabika. Walilala njiani, wakapotea, wakadanganywa na Herode, wakafika hata hivyo. Basi Mtoto aondoke na aliyetaabika.

Sasa binadamu ni binadamu. Wenye nyumba karibu na kanisa walianza kuzungukia mtoni makusudi wapate matope. Mwingine aliingia akichechemea mguu wa kulia, wakati wa matoleo akasahau, akachechemea wa kushoto. Ndiyo maana Katekista Otmar Kinunda, ambaye ndiye aliyeamua, siku hiyo alisimama mlangoni akiwatazama watu miguu kabla ya nyuso.

Palikuwa na mila ya pili, ndogo. Siku ya Mamajusi mgeni akikuuliza njia ya kanisani, humwonyeshi kwa kidole. Unaondoka naye, unamfikisha. Kwa nini? Kwa sababu Herode na waandishi wake walijua kila kitu, mji wanaujua, kitabu wanakijua, wakaonyesha kwa kidole na kubaki kwenye viti vyao. Lukongo hakuna aliyetaka kuitwa Herode.

Haya. Mwaka ninaousema palikuwa na watu watatu.

Wa kwanza alikuwa Longino Hyera, mfyatua matofali wa kule chini ziwani, upande wa Nyasa. Kambi yao ilikuwa na watu kumi na wawili, vibanda vya turubai na tanuri moja. Kanisa hakuna. Kengele hakuna. Hata msalaba hakuna. Dominika walisali wameelekea rundo la matofali mabichi. Siku moja mchuuzi wa maharage akawasimulia habari za Mtoto wa Lukongo. Wale kumi na mmoja wakamgeukia Longino, maana ndiye mwenye miguu mirefu.

"Nenda ukatuletee," wakamwambia.

Akaondoka Ijumaa alfajiri na mfuko wa usipa mkavu, vile visamaki vya ziwani, wa kutolea sadaka. Akapanda. Mvua ikanyesha, akapanda. Kandambili moja ikakatika, akaitupa, akapanda na moja. Ile moja ikamlemaza, akaitupa nayo, akapanda peku. Jumamosi akapanda, akalala kwenye banda la mbuzi kwa hisani ya mwenye mbuzi. Dominika akaamka, akapanda, na ukungu ukamfunika. Mbele ngoro, nyuma ngoro, kulia ngoro, kushoto ngoro, yale mashimo ya mashamba ya Wamatengo yaliyojipanga mlima mzima. Asiyeyazoea huyazunguka mpaka arudi alikotoka. Longino alizunguka mara tatu. Mara ya tatu alikuta nyayo kwenye tope, akazifuata kwa furaha akidhani ni za mwenyeji. Zilikuwa zake.

Ndipo akasikia mtu anaimba.

Aliyeimba ni Kolumba Ndimbo, na huyu ndiye wa pili. Mjane wa miaka hamsini na kitu, mwenye sauti ya kwanza isiyo na mfano milimani kote. Lakini hakuimba kanisani. Aliimba jikoni kwake akimenya viazi, Misa nzima, kuanzia Bwana Utuhurumie mpaka Mwanakondoo, anaimba sauti ya kwanza, anarudi anaimba ya pili. Alifanya hivyo kwa miaka kumi na mmoja.

Chanzo kilikuwa nguo. Kolumba alimshonea Mtoto gauni la kitenge, jekundu na njano, lenye marinda. Sasa, mshonaji wa Mtoto alikuwa Bibi Osmunda Komba, na Bibi Osmunda alimvika nyeupe tu. Akamvua Mtoto lile gauni mbele ya kanisa zima, akamrudishia Kolumba mkononi, akasema, "Huyu ni Mwana wa Mungu, si mwali anayechezwa." Watu wakacheka. Kicheko hicho ndicho kilichomuumiza Kolumba kuliko maneno. Akaapa pale pale: "Kanisa hili siliingii tena mpaka Osmunda mwenyewe anishike mkono aniingize!" Bibi Osmunda akajibu kwamba mkono wake una kazi nyingine. Mambo yakaishia hapo, au tuseme hayakuisha.

Jumuiya ikawa inampita Kolumba. Hakuna aliyemchukia. Walisahau tu njia ya kwake, nyasi zikaota.

Longino akatokea kwenye ukungu, peku, matope mpaka magotini.

"Tumsifu Yesu Kristo," akasema.

Kolumba akaangusha kisu. Ilikuwa miaka kumi na mmoja hajasalimiwa hivyo mlangoni pake.

"Milele amina. Wewe nani?"

"Mgeni, mama. Nimetoka ziwani, leo siku ya tatu. Natafuta kanisa la Lukongo. Nimekuja kwa Mtoto."

Kolumba akainua kidole. Akakitazama kile kidole. Akakishusha.

"Ungekuja kesho, mwanangu," akasema kwa uchungu. "Kesho ningekuonyesha nikaendelea na viazi vyangu."

"Kesho hakuna Misa, mama."

"Najua! Unanifundisha mimi?"

Akafunika viazi, akajifunga khanga, akatangulia, anasonya njia nzima. Alimwambia Longino atamfikisha kwenye ngazi tu. Ngazi si kanisa. Herode hataitwa, na kiapo hatakivunja.

Mnadhani kwenye ngazi walimkuta nani? Bibi Osmunda mwenyewe, ndiye wa tatu. Miaka themanini na miwili. Nyumba yake ilikuwa hatua mia kutoka kanisani. Kengele ikilia, vikombe vyake hutikisika kabatini. Lakini nyonga ilikuwa imevunjika, na masika mawili yalipita hajatoka kitandani. Bibi huyu hakujaliwa kuzaa. Miaka arobaini alimshonea Mtoto nguo za kila Noeli, na miaka arobaini alimwona anaondoka kwenda kulala kwa wengine. Nani angempa yeye? Hatua mia zina taabu gani?

Mwaka huo akasema, sasa zinayo. Akajishusha kitandani mwenyewe akaanza kujikokota kwa makalio. Alianza jua halijatoka. Kengele ya kwanza ikamkuta uani. Kengele ya pili ikamkuta kwenye migomba, na hapo alikaa sana, kwa sababu kila aliposikia watu wanapita kwenda Misani alijificha. Wangemwona wangembeba, na wakimbeba, taabu yake yote imepotea bure! Watu walipokwisha, akaendelea. Ngazi za kanisa zilikuwa kumi na mbili. Kwenye ya nne nguvu zikamwisha. Akakaa pale, mvua inamnyeshea, anasikia Utukufu ukiimbwa ndani, na hawezi kupanda wala kushuka.

Kolumba akasimama kama amepigiliwa misumari. Longino, ambaye hakujua lolote, akainama.

"Shikamoo, bibi. Ngoja nikubebe."

"Marahaba. Hanibebi mtu. Nakwenda mwenyewe."

"Lakini bibi, umekaa."

"Nimekaa kidogo."

Mvua ikaendelea. Kisha Bibi Osmunda, bila kuinua macho, akasema:

"Kolumba."

"Abee."

"Lile gauni unalo bado?"

"Ninalo."

"Lilikuwa zuri," akasema Bibi Osmunda. "Nilikuonea wivu. Marinda yale mimi mpaka leo siwezi kuyashona."

Kolumba akalia. Alilia kwa sauti, sauti ya kwanza. Kumi na mmoja si mwaka mmoja, jamani.

Bibi Osmunda akanyoosha mkono. "Njoo nikushike mkono nikuingize, kiapo chako kiishe. Na kwa kuwa utakuwa umeshikwa, basi nivute kidogo."

Wakapanda. Kolumba mbele anavuta, Longino nyuma anasukuma, Bibi Osmunda katikati anatoa amri. Ngazi ya saba wakapumzika. Ngazi ya tisa usipa ukamwagika, wakaokota mmoja mmoja, maana Bibi alikataa sadaka iachwe kwa kunguru. Ngazi ya kumi na mbili wakapumua.

Ndani, Padri Erasmo alikuwa akihubiri. Alikuwa anasema kwamba Tokeo la Bwana maana yake Mungu hakutaka kuonwa na walio karibu peke yao. Amejionyesha kwa waliopotea njia, kwa wageni, kwa wale ambao kila mtu alishakata tamaa nao. Mlango ukalia. Watu wakageuka. Wakawaona watatu wameshikana, wanachuruzika maji, wananuka usipa.

Padri akawatazama, akafunga kitabu. "Tusimame tukiri imani yetu," akasema. "Mahubiri yamekwisha."

Wakati wa matoleo Kolumba alifungua kinywa, na kwaya nzima ikanyamaza kumsikiliza, jambo ambalo ni kosa kubwa kwa kwaya. Misa ikaisha. Hakuna aliyetoka. Katekista Otmar akamchukua Mtoto pangoni, akasimama naye mbele ya altare.

"Leo sina haja ya kutazama miguu ya wengine," akasema. "Ni hawa watatu. Kila mmoja aseme taabu yake. Mgeni aanze."

Longino akasimama. "Mwalimu, mimi nimepanda siku mbili na asubuhi. Nimelala na mbuzi. Tazama nyayo zangu, ngozi imebaki mlimani. Ninyi hapa mna kanisa, mna kengele, na Mtoto mnamwona kila Noeli. Sisi kule ni watu kumi na wawili, tunasali tukitazama matofali. Nikirudi mikono mitupu nitawaambia nini? Hapa ndani ametoka nani mbali kuliko mimi? Nipeni Mtoto."

"Atamvunja shingo njiani!" akapaza mtu wa benchi la nyuma. "Na Ijumaa tukasali wapi, ziwani?"

"Karibuni sana," akasema Longino. "Usipa upo."

Watu wakacheka. Bibi Osmunda hakucheka. Alisema akiwa amekaa, fimbo ya mtu mwingine mkononi.

"Anajisifia siku mbili kwa miguu. Miguu anayo! Na aazime nyonga yangu tuone atafika wapi. Mimi nimezitembea hatua mia tangu giza, kwa makalio, nikajificha kwenye migomba nisibebwe, na kila hatua niliisikia mpaka kwenye meno. Nimemshonea Mtoto huyu miaka arobaini. Najua kiuno chake, najua bega lake. Lakini sijalala naye chumba kimoja hata usiku mmoja. Na sikukuu nyingine kama hii mimi siioni, tusidanganyane. Nipeni Mtoto."

Kisha mwenyekiti, yule yule aliyewahi kujaribu, akasema, "Lakini Bibi, umesema ulijificha kwenye migomba. Ungebebwa. Hiyo ni taabu ya kujitakia."

"Na Mamajusi nani aliwatuma?" akauliza Bibi Osmunda. "Si walijitakia?"

Mwenyekiti akakaa.

Kolumba alisimama wa mwisho. Aliongea polepole, akitazama sakafu aliyoikosa muda mrefu.

"Mimi sina matope mengi. Kwangu ni nusu saa. Lakini nusu saa hiyo nimeianza kila Dominika kwa miaka kumi na mmoja. Natoka, nafika kwenye kijito, narudi. Natoka, nafika kwenye kijito, narudi. Huyu kijana alikuwa anakwenda kwa watu asiowajua. Bibi alikuwa anakwenda kwa watu wanaompenda. Mimi nilikuwa nakwenda kwa watu walionicheka. Semeni wenyewe ipi ni ngumu."

"Msiba wa kujitakia hauna kilio!" akapaza mtu.

"Kweli," akasema Kolumba. "Ulimi wangu ndio ulioapa. Lakini Mtoto akikaa kwangu, Ijumaa mtakuja. Asipokaa, hamtakuja. Nawajua. Leo mtanikumbatia wote, na mwezi ujao nyasi zitaota tena njiani kwangu. Nipeni Mtoto."

Kila mtu alijua ni kweli.

Katekista Otmar akakuna kichwa kwa mkono uliobaki. Akajaribu kuhesabu. Longino asingemsikia Kolumba akiimba, mpaka sasa angekuwa anafuata nyayo zake kwenye ngoro. Kolumba asingeulizwa njia na Longino, angekuwa anamenya viazi. Bibi Osmunda asingewapata hao wawili, angekuwa ngazi ya nne. Na bila mkono wa Bibi Osmunda, Kolumba angegeukia pale pale chini ya ngazi akarudi kwake. Akahesabu kuanzia mwanzo, akahesabu kuanzia mwisho, hesabu ikagoma.

Najua mnachotaka kusema. Mnataka kusema azungushwe, miezi minne kwa huyu, minne kwa yule. Na Otmar alilifikiria hilo. Fundi aliyeunga ile shingo akasimama akasema safari moja inaweza, safari tatu zitakiletea kigango mwili bila kichwa. Mnataka kusema Padri aamue. Padri alisema mila ni yenu, yeye ana kigango kingine saa nane, akawasha pikipiki yake akaenda zake, mwenye busara yule.

Otmar akajaribu njia ya mwisho. "Kila mmoja anitajie mwingine. Kama si wewe, apewe nani?"

Longino akasema, "Apewe mama Kolumba. Alitoka mlangoni kwa ajili yangu, na hanijui."

Kolumba akasema, "Apewe Longino. Alinisalimu."

"Na wewe, Bibi?"

"Apewe Osmunda."

"Bibi, nimekuomba unitajie mwingine!"

"Nimekusikia, Otmar, siumwi masikio. Mwingine simwoni."

Kanisa likaangua kicheko, na safari hii Kolumba naye alicheka, mpaka akashika benchi. Lakini kicheko kikaisha, na Mtoto alikuwa bado mikononi mwa Otmar.

Akashuka naye mpaka walipokaa wale watatu. Wote watatu wakanyoosha mikono: miwili imechubuka kwa matofali, miwili inatetemeka kwa uzee, miwili ina harufu ya viazi. Mikono sita, na Mtoto ni mmoja.

Mimi nilikuwepo, na Otmar alimkabidhi mtu. Simtaji, kwa sababu mpaka leo jumuiya yetu haijaelewana, na nikimtaja nusu yenu mtanuna hata chakula msile. Kwa hiyo wewe unayetabasamu pale nyuma, na wewe unayejifanya hukunisikia, inukeni mshike nafasi ya Otmar. Mtoto yuko mikononi mwenu, na watu watatu wanawatazama. Je, nani alistahili?